Mlango wa Upande wa Abiria

Gari aliloniachia marehemu baba ni pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1984, ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miaka mingi ilibeba kila kitu pale nyumbani: ndizi, majani ya ng'ombe, mifuko ya saruji, wanakwaya, na mara mbili jeneza. Mwaka jana, kabla ya Kwaresima, mlango wake wa kushoto uligoma kufunguka. Nilivuta kishikio cha nje, kikaja kilegevu kama kamba isiyofungwa kitu. Nikavuta cha ndani kwa nguvu zangu zote, bila mafanikio. Mwisho nikaupiga teke, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Mpendwa msomaji, sikuutengeneza. Nilizoea. Mke wangu alipanda kwa mlango wa dereva, akavuka gia na breki ya mkono huku ameshikilia kitenge chake, akakaa. Wazee wa kanisa walivuka hivyo hivyo. Mwinjilisti wetu, ambaye Mungu amemjalia mwili, alichagua kukaa nyuma na mizigo, hata siku za mvua. Tukafanya utani kwamba gari la mchungaji lina njia moja tu, nayo ni nyembamba. Kwa anayeendesha, mlango mbovu wa abiria si shida kubwa. Wangu ulifunguka vizuri.

Miezi saba ilipita hivyo, mpaka nilipokwenda kumchukua mama kumpeleka kliniki. Mama ana miaka 78, na nyonga yake haikunjiki tena vizuri. Alitoka na mkongojo, akazunguka upande wa kushoto, akasimama mlangoni akisubiri. Nikamwambia, "Mama, huo haufunguki, njoo huku." Akaja. Akautazama usukani, akaitazama gia, akanitazama mimi. "Mwanangu, mimi nitapitaje hapo?"

Nimehubiri mara nyingi juu ya Ufunuo sura ya 3, Bwana asimamaye mlangoni akibisha. Kwa kawaida tunalitumia neno lile kuwaita wasioamini. Nilipokuwa Makumira tulikumbushwa kwamba barua ile iliandikiwa kanisa, kule Laodikia. Waliokuwa ndani ni Wakristo, na aliyeachwa nje ni Bwana wao. Nilililijibu vizuri swali hilo kwenye mtihani. Siku ile nilimwomba jirani gari, nikampeleka mama kliniki. Tuliporudi, akashuka, akasema neno moja tu: "Mdogo wako anaujua mlango ule."

Hapo inanibidi nieleze jambo ambalo ningependa kulipita.

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kiliketi siku ya tatu baada ya mazishi. Kwa mila yetu Wachaga, nyumba ya baba na kihamba chake humwangukia kitinda mimba. Basi wazee wakapima, wakaona mdogo amepata kihamba, mkubwa apewe gari. Tena ni mchungaji, ana mitaa ya kuizungukia na barabara zetu ni za udongo. Ilisikika kama hekima. Lakini mimi nilijua kwamba kwa miaka tisa gari lile lilikuwa ndiyo riziki ya mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeamka saa tisa usiku kupeleka ndizi sokoni. Yeye ndiye aliyebadilisha klachi kwa fedha yake mwenyewe. Wakaniuliza, "Mchungaji, una neno?" Nikasema sina. Wazee waliona kunyamaza kwangu ni unyenyekevu. Nililitaka gari.

Hatukugombana. Watu wa kanisa wengi hatugombani, tunanyamaziana. Yeye akaanza kusali usharika wa jirani. Kila nilipofika nyumbani kumwona mama, mdogo wangu alikuwa shambani. Tukikutana msibani alinisalimia vizuri, "Shikamoo, Mchungaji," na neno hilo la pili liliniambia yote, kwa maana tangu utoto aliniita Kaka.

Darasa la kipaimara huwa nawafundisha watoto ile sehemu ya Katekisimo Ndogo inayohusu ungamo. Luther anafundisha kwamba mbele za Mungu tukiri makosa yote, hata tusiyoyajua. Bali mbele ya mwungamishaji tuseme yale tunayoyafahamu na yanayotuuma. Mimi niligeuza. Kila Jumapili niliongoza ungamo la jumla kwa sauti nzuri, nikaungama yote nisiyoyajua, kisha nikawatangazia wengine ondoleo. Ile moja niliyoijua niliizoea, kama tulivyozoea kupita mlango wa dereva.

Jioni ile nilimpigia simu. Sikuwa na ujasiri wa kusema lolote isipokuwa kitasa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lilete Jumamosi, Mchungaji."

Nilimkuta ameshaandaa bisibisi, plaizi na chupa ya dizeli. Aliingia upande wa dereva akajisogeza mpaka kwenye mlango mbovu. Akafungua skrubu mbili za kiegemeo cha mkono na moja ya kishikio cha ndani. Ule mkono wa kupandishia kioo hauna skrubu. Umeshikwa kwa nyuma na klipu ndogo ya waya, na wasiojua huuvunja. Yeye alipitisha kitambaa nyuma yake, akakivuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, klipu ikaruka. Niliiokota chini ya kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kisha akabandua kava la mlango, akaondoa nailoni ya kuzuia maji, tukamulika kwa tochi ya simu.

Ndani ya mlango hakuna mambo mengi. Kuna kioo na mtambo wake, na kuna vifito vya chuma vinavyotoka kwenye vishikio hadi kwenye kitasa kilichoko ukingoni. Ukivuta kishikio, kifito kinasogeza kiwiko, kiwiko kinaachia jino, na jino linaiachia pini iliyoko kwenye nguzo ya gari. Kifito cha kishikio cha nje kilikuwa kimechomoka, kiklipu chake cha plastiki kimekatika. Cha ndani kilikuwa kimepinda. Kitasa chenyewe kilikuwa kimeganda kwa kutu, na grisi ya zamani imeshikana na vumbi mpaka imekuwa kama udongo mkavu.

"Hiki hakikupinda chenyewe," akasema. "Kimevutwa kwa nguvu kitasa kikiwa kimekwama."

"Nilivuta," nikasema. "Na teke nilipiga."

Hakujibu. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa ya mlango, akatoa kitu cheusi kilicholowa. Akakikunjua taratibu. Ilikuwa fulana kuukuu.

"Hii ni yangu," akasema. "Kioo kilikuwa kinagongagonga njiani, nikakishindilia."

Maji ya mvua hupita pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango. Yametengenezewa vitundu chini ili yatoke. Fulana iliviziba vile vitundu, ikatunza unyevu, na kutu ikapanda mpaka kwenye kitasa. Tukakaa tukiitazama, yeye na fulana yake, mimi na kifito changu.

Nikasema, "Siku ya kikao, nilipoulizwa kama nina neno, nilijua gari ni kazi yako. Nilinyamaza kwa sababu nililitaka. Naomba unisamehe."

Aliendelea kumimina dizeli kwenye kitasa, tone kwa tone. Nilidhani hatajibu.

"Nilijua kwamba unajua," akasema. "Hilo ndilo liliniuma."

Tuliacha dizeli ipenye. Mama alituletea chai, akatazama, akarudi ndani bila kusema kitu. Kisha mdogo wangu akashika kile kiwiko kwa ncha ya bisibisi na kunituma nje. Nikashika kishikio, nikaanza kuvuta kama nilivyozoea.

"Usivute, Kaka. Sukuma."

Nikausukuma mlango kwa bega kuelekea ndani, uzito ukaondoka kwenye jino, nikasikia likiachia. Mlango ukafunguka kwa mlio wa kutisha kuku.

Kilichobaki kilikuwa kazi ndogo. Tulisafisha kitasa kwa petroli na mswaki wa zamani, tukanyoosha kifito kwa plaizi, tukazibua vitundu kwa msumari, tukapaka grisi mpya. Badala ya klipu ya plastiki aliweka kipande cha mpira wa tyubu, akasema kitakaa mpaka tutakapopata nyingine mjini. Bado hatujaipata.

Mambo ya gari hatujayamaliza. Jumanne na Ijumaa analichukua kwenda sokoni. Hizo siku nimemwambia ni zake, na kuhusu zilizobaki tunaongea. Bado anasali kule usharika wa jirani, na sijamwuliza. Ananiita Kaka siku nyingine, na siku nyingine Mchungaji.

Kliniki iliyofuata mama alitoka na mkongojo wake, akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango mwenyewe, akapanda. Kitenge chake kipya kikagusa grisi, akatusema wote wawili mpaka tukafika barabara ya lami.