Muuzaji Atalala Wapi?

Sikuja kutubu. Kununua kiwanja si dhambi, na nyumba nilizojenga upande wa Kigonze nimezilipa kwa jasho la dukani. Nimekuja kushuhudia kwamba leo nanunua kwa namna nyingine, na kueleza ni nini kilichonigeuza.

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Anayeuza sima, yaani saruji, huuona mji ukibadilika kabla hata ya shefu wa kartie. Zamani wateja wangu walitaka misumari, manjanja ya kuezekea na kopo la rangi. Nyumba ya potopoto, yaani ya udongo, iliyopakwa sima ukutani iliwatosha. Mwaka 2015 Ituri ikawa jimbo na Bunia ikawa makao yake makuu. Wakaja watumishi wa serikali na wabunge wa jimbo, wakitafuta nyumba yenye choo cha ndani. Kuanzia Desemba 2017 vita vikawaka upya katika teritwari ya Djugu, na mapema 2018 maelfu ya watu waliovikimbia wakawa wanalala chini ya maturubai karibu na Hospitali Kuu na kwenye uwanja wa ISP, chuo cha ualimu. Mwaka 2019 wengi walihamishiwa kambi ya Kigonze.

Nyuma yao yalikuja mashirika ya misaada, na wafanyakazi wanaolipa kodi ya nyumba kwa dola. Wafanyabiashara wa dhahabu wa Mongbwalu nao walichoka kulala na hofu, wakawaleta wake na watoto mjini na kuigeuza dhahabu kuwa matofali. Ndipo dukani kwangu watu wakaanza kuulizia vigae, madirisha ya aluminiamu, matangi ya maji na nyaya za miiba za kuweka juu ya ukuta. Barabara ya Mahagi ilipokuwa hatari kwa sababu ya mashambulizi, mfuko wa sima kutoka Uganda ulipanda bei, lakini wajenzi hawakusimama.

Kwa hiyo vita vilevile vilivyowaleta watu wa maturubai ndivyo vilivyoleta pesa za majumba. Mgeni hushangaa kuona geti la chuma na jenereta jirani kabisa na kambi. Mwenye duka hashangai, kwa maana daftari lake la mauzo lilimwambia mapema.

Nami nikaingia katika biashara hiyo. Nilinunua viwanja vyenye nyumba kuukuu, nikajenga nyumba za mfululizo ndani ya ukuta mmoja, nikapangisha. Jambo nililolichunguza zaidi ya yote lilikuwa karatasi. Tangu sheria ya 1973 ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na cheti cha uandikishaji ndicho kinachomlinda. Katika mji ambao watu wengi walikimbia nyumba zao katika vita vya mwaka 2003 na wengine wakaingia humo, hakuna anayeidharau karatasi. Komisioneri, yaani dalali, alinitafutia muuzaji, shefu wa avenyu akatia sahihi, mashahidi wakanywa soda, dola zikahesabiwa, tukaagana.

Kisha alikuja dukani mama mmoja kununua misumari robo kilo. Mume wake alikuwa ameuza kiwanja chao kwa tajiri mmoja, mteja wangu mkubwa. Aliongea taratibu, kama mtu anayeeleza habari za mwingine. "Mama, pesa alipewa papa. Sisi tulijua siku vijana walipopanda kutoa manjanja. Nikawauliza: na sisi tutalala wapi?" Pesa zilikuwa zimeishia kwenye madeni na pikipiki ya biashara iliyoharibika mapema. Sasa walikuwa wamepanga chumba mbali, na watoto walikuwa wameacha shule ya jirani. Sheria ya familia, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla nyumba haijauzwa. Karatasi ya mauzo yao ilikuwa na sahihi ya mume peke yake.

Yule mama alinilipa misumari akaondoka. Ni mimi niliyekuwa nimeuza sima iliyojenga mahali alipokuwa akilala. Wiki zilizofuata nikapanda pikipiki kuwatafuta watu walioniuzia mimi. Wengine sikuwapata. Mmoja alikuwa amejenga vizuri, ana ng'ombe, akanikaribisha chai huku akinicheka kwamba nahangaika bure. Wengine walikuwa wapangaji wa watu. Tofauti yao haikutokana na bei: waliosimama vizuri ni wale waliokuwa wamepata kiwanja kipya kabla ya kuachia cha zamani.

Nikagundua pia kundi ambalo komisioneri halitaji kamwe: wapangaji wa muuzaji. Katika nyumba za potopoto zinazozunguka Kigonze wanaishi watu waliokimbia Djugu ambao hawakutaka kubaki kambini, chumba kimoja familia nzima. Nyumba ikiuzwa, mwenye kiwanja hupata dola na wao hupata siku chache za kufunga vyombo. Huko waendako wataombwa upya garanti, ile amana anayowekewa mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, lakini mwenye shida hana nguvu za kubishana na mwenye funguo.

Leo sitoi dola kabla mke na watoto wakubwa hawajaketi nasi na kusema wenyewe kwamba wanauza. Malipo ya kwanza ni ya kiwanja kipya, nami huenda kukiona kwa macho. Mahali parsele ni kubwa, naomba kununua nusu tu, na sehemu ya bei nailipa kwa matofali, sima na manjanja, ili familia ibaki palepale ndani ya vyumba vya kudumu. Wapangaji waliomo nawaacha wamalize muhula wa shule, na garanti yao inatolewa kwenye bei mbele ya shefu wa avenyu.

Wenzangu sokoni wanasema najilipisha mara mbili. Ni kweli kwamba njia hii ina gharama. Kuna kiwanja kizuri sana, karibu na barabara, kilichonipita kwa sababu nilikuwa nangoja mama mwenye nyumba arudi kutoka kwao; mwenzangu alilipa jioni ileile. Komisioneri kadhaa hawaniletei tena kazi. Hata hivyo viwanja vyangu havina kesi mahakamani, na majirani wawili ambao nilinunua nusu ya viwanja vyao ndio wanaowaonyesha wapangaji wapya nyumba zangu ninapokuwa safarini Kampala.

Kuta za jirani na Kigonze zitaendelea kujengwa, na wewe mwenye pesa utaitwa uende ukaone kiwanja. Nenda. Kagua karatasi, pima mipaka, halafu muulize muuzaji, mke wake akiwepo, watalala wapi mwezi ujao. Wakikosa jibu, rudisha dola mfukoni mpaka walipate.