Mlima Mfupi Ulionitia Adabu

Mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya, wenye futi 17,000 na zaidi, ni rahisi kudharau vilima vya watu wengine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi nilipopelekwa Scotland kwa masomo mafupi ya kazi za ofisi. Mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu kazi ya posta, alinialika tupande Ben Lawers, katika nyanda za juu za nchi ile. Nikatazama ramani, nikacheka moyoni. Kilele chake ni futi 3,983 tu, na Nairobi, ambako hukaa nikiandika barua kila siku, imepita futi 5,000! Je, nitapandaje mahali palipo chini ya meza yangu?

Tulianza safari saa tatu asubuhi, mwezi wa Septemba, kutoka upande wa ziwa liitwalo Loch Tay. Mzee alibeba mkoba wenye makoti ya mvua, sweta ya akiba, mkate, chupa ya chai, ramani na dira. Mimi nalivaa koti langu la mjini. Kule juu hakuna mti wa kumkinga mtu. Ni majani mafupi, mawe na kondoo. Baada ya saa mbili hivi tulifika kilele cha kwanza, Beinn Ghlas, chenye futi 3,619. Ziwa lilimetameta chini yetu, nami nikajiona mshindi.

Tulipokuwa tukienda kilele cha pili, mzee alinieleza ya kuwa mwaka 1878 watu walijenga juu ya Ben Lawers rundo la mawe la futi 20 hivi, ili mlima utimize futi 4,000. Wapimaji wa ramani hawakulihesabu, na rundo lenyewe lilibomoka zamani. Nikawacheka watu wale kwa kiburi chao, nisiujue wangu.

Hata tulipofika juu, ukungu ulishuka ghafula, na upepo wa baridi ukanipenya mpaka mifupani. Vidole vilikufa ganzi, nikashindwa kufunga vifungo vya koti. Kwa haraka ya kushuka nikaona njia iteremkayo, nikatangulia.

Mzee akaita kwa upole, "Bwana, ngoja kwanza."

Akatoa dira. Njia niliyoishika ilielekea kaskazini, kwenye miamba. Yetu ilikuwa ya kusini-magharibi. Sikuwa na la kusema. Akanivika ile sweta, akaninywesha chai, tukarudi polepole hadi penye bonde kati ya vilele viwili. Kutoka hapo tuliizunguka Beinn Ghlas kwa njia ya chini, tukapitia Coire Odhar mpaka motakaa ilipokuwa. Safari yote ilikuwa kama maili 6 na nusu, nayo ilituchukua saa sita.

Ndipo nilipofahamu kosa langu. Nchi ile i mbali sana kaskazini, na baridi yake haingoji mtu afike juu sana. Nalipima mlima kwa futi, nikasahau kupima hali ya hewa na ujinga wangu mwenyewe.

Nasi huku kwetu tuna Nyandarua yenye ukungu na baridi. Msomaji, ukienda huko, chukua koti, chakula na mtu aijuaye njia, hata kama ni mwendo wa nusu siku. Mdharau mwiba, mguu huota tende.