Kipepeo cha Nkambo

Kwetu Katanga, mu vichaka vikavu, munarukaka kipepeo kidogo cha rangi ya machungwa, chenye madoa meusi, cha jamaa ya Acraea. Nilipokuwa mtoto, nkambo alinikataza kukishika: «Mutoto, acha ile! Hata bandege habakulake.» Nilipopata diploma ya ualimu nikamcheka, eti ni mambo ya wazee. Kumbe vipepeo hivyo hujitengenezea linamarini, chanzo cha sumu ileile ya mihogo michungu, ambayo nkambo mwenyewe aliiondoa kwa kulowesha mihogo siku tatu. Alikuwa ameangalia ndege miaka mingi. Alifariki kabla sijamuomba samahani. Ndugu msomaji, kama ungali na nkambo, muulize leo, na usimucheke.