Danube, mama mkubwa na lenzi niliyoiacha Dar

Najua nimekuwa kimya. Kazi za gazetini mnazijua, ukimaliza habari ya leo unaulizwa ya kesho. Leo nimepata nafasi, basi nilipe deni.

Tangu nirudi kutoka ile safari ya Mei 2024 watu wananiuliza maswali mawili. La kwanza, Ulaya kukoje? Hilo siliwezi, kwa sababu nilichokiona ni kingo za mto mmoja kwa siku saba. La pili linatoka kwa wenzangu wapenda kamera: ulibeba lenzi gani? Hilo ninalo jibu, na lilininyima usingizi kwa miezi miwili.

Kwanza niwaeleze ilikuwaje mtu wa mshahara kama wangu akapanda meli ya watalii. Mama yangu ana dada yake mkubwa aliyekwenda Ujerumani mwaka 1991, akasomea unesi, akabaki huko. Alipostaafu akatukatia tiketi tatu: yake, ya mama na yangu. Meli inaanzia Passau, inashuka Danube kupitia Linz, Melk, Vienna na Bratislava hadi Budapest, kisha inarudi. Nchi nne, viza moja ya Schengen. Akanipigia simu: "Mwanangu, nauli nimelipa, chakula nimelipa. Kazi yako ni picha. Na sitaki majumba, majumba yapo kwenye kadi za posta. Nataka mimi na mama yako."

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Bibi yetu alifariki Ujiji mwaka 2009. Mama mkubwa hakuja kuzika. Alisema mambo ya vibali vyake hayakuwa yamekaa sawa, angetoka asingerudi. Mama alielewa kwa kichwa, moyoni hakuelewa. Walipigiana simu za sikukuu, basi. Halafu kuna suala la picha. Picha pekee ya bibi tuliyonayo ni ile ya kwenye kitambulisho chake cha mpiga kura, ndogo kama ukucha. Tuliwahi kuipeleka studio ikuzwe. Tulichopata ni vidoti. Ukisimama mbali unaona kitambaa cha kichwani, ukisogea huoni mtu.

Kwa hiyo nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Lakini jamani, mimi ni kijana na kijana ana tamaa zake. Kamera yangu ni Nikon D5300, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiota ile 70-200mm yenye tundu la f/2.8. Nilimpata mtu Kariakoo anayeuza iliyotumika kwa milioni moja na laki nane. Nikaanza kujipigia hesabu za uongo. Nikasema nikirudi nitaitumia uwanjani kwa Mkapa, itajilipa. Nikasema mto ni mpana, ngome ziko juu vilimani, bila lenzi ndefu nitapiga mawingu tu.

Nikaenda kuomba ushauri kwa mzee mmoja wa dawati la picha kazini, mtu aliyeanza enzi za filamu. Hakuniambia ninunue wala nisinunue. Alisema, "Kijana, fungua picha zako za mwaka mzima uone ulitumia milimita ngapi." Kila faili ya picha inahifadhi urefu wa lenzi uliotumika, na kuna programu za bure za kuzihesabu. Nilikaa usiku mmoja. Picha 3,112. Zaidi ya nusu zilikuwa kati ya milimita 24 na 40. Zilizopigwa na lenzi ndefu ya kuazima hazikufika mia mbili, na karibu zote ni mpira.

Ile hesabu iliniuma kidogo. Nilijiona mpiga picha wa mbali kumbe ni mpiga picha wa karibu.

Nikaanza kusoma kuhusu meli zenyewe. Meli hizi nyingi zina upana wa mita 11.4, kwa sababu zile zinazopita pia mto Main huko Ujerumani zinakutana na milango ya maji yenye upana wa mita 12 tu. Zina madaraja yake ya kupita chini pia, na kwenye daraja fupi sitaha ya juu inafungwa, vivuli vinakunjwa na chumba cha nahodha kinashushwa. Mjini zinafungwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo unaweza kuamka ukafungua pazia ukakuta mzee wa meli ya pili anapiga mswaki. Yaani saa nyingi uko ndani, karibu na watu, kwenye mwanga mdogo. Stendi ya miguu mitatu haisaidii maana injini inatikisa sakafu. Kile kituliza mtikisiko cha kwenye lenzi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtu anayecheka.

Hapo ndipo tundu kubwa linapokuwa na maana. Lenzi yangu ya kawaida, 18-55mm, ukiivuta hadi milimita 35 tundu lake linaishia karibu f/4.5. Lenzi ya 35mm f/1.8 inaingiza mwanga mara sita zaidi ya hapo. Uzito wake gramu 200. Ile ya ndoto zangu ni zaidi ya kilo moja na nusu.

Na nikiri kosa la zamani, huenda likamsaidia mtu. Niliwahi kununua 50mm f/1.8 kwa bei ya kutupa, nikafurahi wiki nzima, kumbe ni ile ya herufi D mwishoni. D5300 haina mota ndani yake, na lenzi nyingi za D zinaitegemea mota ya kamera. Haikufokasi yenyewe hata siku moja. Kwa kamera za namna hii tafuta AF-S au AF-P, na uijaribu pale pale kabla hujatoa hela.

Basi nikanunua 35mm AF-S, nikabeba na 18-55 yangu. Mbili tu. Ile ndefu ikabaki Kariakoo, na mimi nikabaki na donge.

Donge lilinipanda siku ya tatu. Baada ya Melk unaingia bonde la Wachau, kilomita kama 36 hadi Krems, ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mizabibu imepandwa kwenye ngazi za mawe hadi juu. Dürnstein inatokea na mnara wake wa buluu na mweupe kando kabisa ya maji, huo niliupata vizuri. Lakini juu kilimani kuna magofu ya ngome, ambako mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwaka 1192 akitoka vitani. Kwa milimita 55 magofu yalikuwa punje. Pembeni yangu mzee mmoja Mjerumani alikuwa na lenzi kama bomba la maji, akanionyesha kioo chake: kila jiwe linaonekana. Nikamwambia nzuri sana. Ilikuwa nzuri kweli.

Nilipogeuka nikamkuta mama na mama mkubwa wamekaa kwenye viti, katikati yao kiti kimoja kitupu. Ndivyo walivyokaa tangu Passau. Wanaongea kuhusu dawa za presha, bei za vitu Dar, nani kafa nani kaoa. Kiti kile hakiondoki. Nilipiga. Na picha za siku zile mbili za kwanza ziliharibika, niseme ukweli. Meli ni nyeupe, maji yanang'aa, anga jeupe. Kamera ikiona weupe wote ule inapunguza mwanga, na ngozi zetu zinageuka kivuli chenye meno. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi, hatua moja au zaidi, au kupima mwanga usoni kwa mtu peke yake. Anga litaungua. Liungue. Hatukwenda kupiga anga.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe, ambao ulikuwa kabla ya Melk. Kati ya Passau na Vienna kuna mabwawa ya umeme, na kila bwawa lina chumba cha maji chenye mageti. Meli inaingia, geti linafungwa, maji yanatolewa, mnashuka taratibu kama lifti. Vyumba vya Austria vina upana wa mita 24, meli mbili zinaingia sambamba. Sisi tulikuwa upande wa ukuta. Kule Ybbs-Persenbeug tulishuka mita kama kumi, nasi tumekaa chumbani kwa mama mkubwa. Dirisha likaanza kujaa zege lililolowa, taratibu, mwanga ukapungua hadi ikabaki taa moja ya kitandani.

Mama akasema, "Dada, kama Liemba."

Walipokuwa wadogo bibi aliwapandisha Liemba kutoka Kigoma kwenda kusini kwa ndugu, daraja la tatu, wakilala juu ya magunia. Mama mkubwa akacheka, akasema unajua ile meli ilijengwa huku huku? Ni kweli. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mama mkubwa alikuwa ameyasoma yote hayo maktaba, peke yake, miaka mingi. Akasema alikuwa akienda kusoma kuhusu meli kila alipokumbuka nyumbani.

Halafu wakahamia Kiha, na mimi Kiha changu ni cha kuombea maji. Niliambulia jina la bibi na neno la kaburi. Mama alikuwa anauliza, mama mkubwa anajibu, kisha wakawa wanalia wote wawili. Nilikuwa nimekaa mlangoni, kamera mapajani, sijui kama ni adabu kupiga au kutoka. Mama akaniona. Akasema kwa Kiswahili, "Si umeletwa kupiga picha? Piga."

Nikapiga saba. ISO 3200, f/1.8, kasi moja ya sitini. Kwa lenzi ndefu nisingeweza hata kurudi nyuma, chumba chenyewe hatua nne.

Ila nilikosea. Kwa f/1.8, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kinachokuwa makini ni kama sentimita 13 tu mbele na nyuma ukijumlisha. Mama mkubwa alikuwa ameinama mbele kidogo. Yeye yuko makini, hadi machozi. Mama yuko nyuma ana ukungu. Picha zote saba. Ningefunga tundu hadi f/4 na kupandisha ISO ningewapata wote, chembechembe zingekuwepo lakini nyuso mbili zingeonekana. Nililijua hilo darasani. Pale sikulikumbuka.

Budapest tulifika jioni. Mwezi Mei jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, na taa za Bunge zikiwaka unasahau jina lako. Jengo lina urefu wa mita 268 ukingoni, na ukiwa katikati ya mto 35mm hailimezi. Nikarudi kwenye 18-55, nikaifungua hadi 18, likaingia lote. Lenzi ya bure iliyokuja na kamera ndiyo iliyopiga picha ambayo watu wanaisifia. Mbele ya taa zile wapo wale wawili, wamesimama bega kwa bega, na mama kavaa koti la dada yake kwa ajili ya baridi.

Niliporudi Dar nilisafisha picha kumi, nikampelekea mama achague moja ya ukutani. Nilitegemea achukue ya Bunge. Akachukua ile ya chumbani, ya ukungu. Nikamwambia mama, hapa wewe huonekani vizuri. Akasema, "Dada anaonekana." Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea na ile ya kitambulisho, iwe kubwa hivyo hivyo. Nimeshajaribu mara tatu. Haiwezekani.

Desemba mwaka huo mama mkubwa alikuja, akaenda Ujiji kaburini. Safari hiyo nilifunga tundu hadi f/4.

Kwa hiyo jibu langu kwa mnaouliza: hesabu picha zako za mwaka kabla hujahesabu pesa. Kwa mto, beba moja pana ya kukuza na kupunguza na moja ndogo yenye tundu kubwa. Kama unapenda ngome za vilimani, azima ndefu nyepesi, usinunue. Mimi ningeazima, sikatai. Magofu ya Dürnstein bado yananiuma.

Na kabla ya yote hayo, nyumbani kwenu kuna bibi au babu ambaye picha yake pekee iko kwenye kitambulisho? Nenda Jumamosi hii. Simu yako inatosha.

Haya, nanyi wenzangu mngebeba ipi? Tujadili.