Copenhagen: Mtoto mbele, upepo usoni

Mji mkuu huu wa Denmark ni tambarare. Kinachomchosha mwendesha baiskeli hapa si mlima, ni upepo wa baharini.

Asubuhi, kwenye daraja la Dronning Louises Bro, wazazi hupita wakiwa na watoto ndani ya kasha lililo mbele ya usukani. Baadhi ya baiskeli hizo zina magurudumu matatu na kasha pana la mbao, mtindo uliotoka mtaa wa Christiania mwaka 1984. Nyingine zina magurudumu mawili, ni ndefu na nyembamba, na mtoto hukaa chini, nyuma ya gurudumu la mbele.

Upepo ukivuma, tofauti huonekana. Kusukuma kasha lenye uso bapa ni kama kutembea umebeba mlango. Kasi ya hewa ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Mzazi anayekwenda kilomita 15 kwa saa, akikutana na upepo wa mbisho wa kasi hiyo hiyo, hupigwa na hewa ya kilomita 30 kwa saa.

Hapo ndipo nyuzi za kaboni zinapovutia wabunifu. Ni nyepesi, na huweza kufinyangwa kuwa kasha lenye pua ya mviringo, hewa ikateleza pembeni. Wepesi humsaidia mzazi kuondoka kwenye taa na kupanda daraja. Kinachopunguza upepo ni umbo. Kasha la kaboni lililo bapa kama sanduku humpa mnunuzi wepesi tu.

Hata umbo zuri lina gharama. Ubavu mrefu uliofunikwa kwa turubai hushika upepo wa pembeni kama tanga, na usukani huvutwa ghafla. Siku ya upepo mkali, kupunguza mwendo darajani ni lazima, na mkanda wa mtoto uwe umefungwa.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi husahau kwa urahisi. Yeye anakanyaga pedali, mwili wake unapata joto. Mtoto ametulia tuli, na bila turubai upepo humfikia yeye kwanza. Baba anayefungua koti kwa jasho anaweza kuwa amembeba mtoto anayetetemeka. Asipime baridi kwa mwili wake mwenyewe. Asimame, aingize mkono shingoni mwa mtoto, chini ya nguo. Pakiwa baridi, aongeze blanketi kabla ya kuendelea.