Boriti za Amu

Desemba iliyopita ukoo wetu ulikutana Dubai. Nilipowaambia wenzangu darasani, wote waliniuliza habari za Burj Khalifa. Niliiona, kupitia dirisha la teksi. Ninayotaka kuwasimulia hapa ni nyumba moja ya zamani, na swali la bibi yangu ambalo nilimjibia uongo.

Baba yake bibi alikuwa baharia wa Ghuba. Kaskazi ikivuma, jahazi lao lilishuka mpaka Lamu na tende na chumvi. Kusi ikianza, lilirudi na shehena ya boriti za mikoko. Alioa Lamu, kama mabaharia wengi, akapata binti mmoja, ndiye bibi. Bibi alipokuwa na miaka tisa, majahazi yalikuja bila yeye. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Miaka miwili iliyopita jamaa zetu wa Mombasa waliupata upande wa pili: alikuwa na mke mwingine Dubai na watoto wanne. Aliyebaki hai ni binti mmoja, sasa mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Tulitaka wakutane kwetu Uingereza, lakini bibi alinyimwa viza mara mbili. Basi Dubai.

Wao husema Kiarabu, sisi Kiingereza, bibi Kiswahili. Jamaa wa Mombasa wangeweza kutafsiri vizuri zaidi yangu, lakini bibi alikata shauri: "Wewe si ndiwe unayesomea Kiswahili chuoni? Kazi yako hiyo." Kwa hiyo kila neno la dada yake lilipita kwa mjukuu wake aliyeligeuza kuwa Kiingereza, kisha kwangu.

Siku ya pili tulivuka hori kwa abra, ile mashua ya abiria ambayo nauli yake ni dirhamu moja, tukaenda mtaa wa Al Fahidi. Wafanyabiashara kutoka pwani ya Uajemi walianza kuujenga mwishoni mwa karne ya 19, kwa mawe ya matumbawe, wakaweka minara ya kunasa upepo juu ya nyumba. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba bibi alisema amefika nyumbani.

Ndani ya nyumba moja mwongoza wageni alituonyesha dari. Nikatafsiri: "Anasema ile miti ya juu, ile ya kushikilia... imetoka Afrika Mashariki."

Bibi akainua uso. "Miti gani? Boriti hizo. Za mkandaa. Hizi za Amu hizi!"

Akaanza kutufundisha. Kuna fito, kuna pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na unene wake, na zote huuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti wake. Lamu ni vivyo hivyo. Mwongoza wageni akaniomba nimfasirie. Mazio kwa Kiingereza ni nini? Nimesoma Kiswahili miaka miwili na sikuwa na hata moja kati ya maneno hayo. (Mwalimu, sikulaumu.)

Kisha wale wawili wakaketi uani, wameshikana mikono. Bibi akasema, "Mwulize, baba alikuwa akitutaja?"

Nikauliza. Dada yake alijibu kwa kirefu, akiangalia chini. Mjukuu wake akanieleza: hakuwataja kamwe. Mama yao hakutaka jina la Lamu lisikike nyumbani, naye akanyamaza mpaka kufa.

Nikamwambia bibi, "Anasema alikuwa akiwataja sana."

Bibi alikaa kimya kidogo. "Maneno yake yalikuwa marefu kuliko hayo. Na nimemsikia akisema abadan. Abadani hata kwetu ipo."

Nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi nianze upya na nimwambie yote kama nilivyoyasikia, na mama yao, na kule kunyamaza. Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama. Yeye hakuuachia mkono wa dada yake.

"Sasa mwulize," akasema, "nyumba waliyolelewa ilikuwa na boriti ngapi chumbani mwa baba. Na usinipunguzie."

Nadhani mjukuu alishangaa, lakini aliuliza. Yule dada akafumba macho, akawa anahesabu kwa kidole hewani, kama mtu aliyelala chali kitandani. Akafika mwisho, akarudia tena kuhakikisha. Ishirini na mbili.

"Korija moja na mbili juu," bibi akasema. "Chumba kikubwa."