Mgeni wa jioni katika Bonde la Kerio

Ukipata safari ya kutoka Iten kwenda Kabarnet, usiwe na pupa ya kufika. Teremka ule mteremko wa Tambach polepole. Baridi utaiacha huko juu, na kabla hujafika chini utakuwa umeshavua sweta. Bondeni utalakiwa na joto, migunga na mashamba ya maembe na mapapai. Tafuta mwenyeji, keti karibu na mpapai uliochanua, na ungoje jua litue nyuma ya milima ya Elgeyo.

Kigiza kikiingia utasikia mvumo kama wa feni ndogo. Usidhani ni ndege. Ni nondo mnene, mabawa yake ya kijivu yakifikia upana wa sentimita 10 hivi, na tumboni ana mistari ya waridi na myeusi. Huyu hatui. Huelea hewani mbele ya ua na kunyosha mrija mrefu kuliko mwili wake. Wataalamu humwita Agrius convolvuli.

Kama una shamba la viazi vitamu, basi mtoto wake umewahi kumponda. Jike hutaga vijiyai kama kichwa cha pini kwenye majani ya viazi. Siku chache baadaye hutoka kiwavi mwenye pembe mkiani, ambaye hutafuna majani kwa wiki tatu hivi mpaka akawa mrefu kuliko kidole chako. Kisha huingia udongoni na kugeuka pupa wa kahawia, mrija wake umejikunja kando kama mkono wa birika. Penye joto, wiki mbili tatu zinatosha, nondo huyo anaruka.

Naye ni msafiri kutuzidi. Yuko kote Afrika, yuko Asia hadi Australia, na kila kiangazi cha Ulaya wengine huvuka bahari wakafika hata Iceland, ambako baridi huwamaliza.

Sasa tazama mpapai. Kuna mti dume na mti jike. Ua la dume lina maji matamu, la jike halina kitu. Nondo hudanganyika tu gizani, akaliendea na chavua ya dume mwilini. Bila kosa hilo, papai halishiki.

Watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichunguza jambo hili Kenya, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba umbali wa shamba kutoka vichakani, na hali ya vichaka hivyo, huathiri kazi ya nondo hawa. Lakini vichaka hukatwa kwa makaa, mpapai dume hung'olewa kwa kuwa "hauzai", na kiwavi hunyunyiziwa dawa. Halafu mwenye shamba analalamika maua yanapukutika.

Mwulize mwenyeji wako amebakiza madume mangapi. Na utafute pa kulala mapema, maana matatu haingoji nondo.